Musoma Mbele, Bunda Nyuma

Jumatatu, 5 Novemba 1984

Santuri zimefika. Kasmiri, aliyezibeba kwa basi kutoka Nairobi, anasema ni mia moja tu na hazitaongezwa. Upande mmoja wimbo wangu wa Musoma. Upande wa pili Mniko na wimbo wake wa Bunda. Tumegandishwa mgongo kwa mgongo! Wegesa, mwenye baa ya Kiabakari, atapiga pande zote mbili Jumamosi. Atakayependwa ndiye atakayetumbuiza kwake Krismasi.

Jumatano, 7 Novemba

Gramafoni ya Wegesa ni ya betri. Madukani betri hakuna. Zake huanikwa juu ya bati zipate nguvu kidogo, na nguvu hiyo hubeba wimbo mmoja, basi. Kwa hiyo Musoma itangulie, Bunda ife njiani. Wegesa amekubali kwa mche wa sabuni. Sabuni ni ya mke wangu Getruda. Hajui.

Jumamosi, 10 Novemba

Musoma ilitangulia. Mwendo safi kabisa. Watu walipiga makofi, wakarudi kwenye bia.

Ikaja Bunda. Betri zikachoka. Nikatabasamu.

Magitaa yakaanza kuburuta miguu. Sauti ya Mniko ikashuka, ikawa ya mtu anayesema usingizini. Malori ya pamba ya wimbo wake yakapita mbele yetu polepole, meupe, bila kufika. Bia zikasahaulika mezani. Mzee mmoja wa Guta, kijiji cha huko Bunda, alifumba macho, akasema anasikia harufu ya shamba la mama yake. Hata mimi nilijiona niko Bunda, na Bunda sipapendi. Wimbo haukuisha. Ulizama.

Wegesa akaniuliza, “Bwana Bernado, kwani wewe ulikuwa unakimbizwa na nani?”

Krismasi kapewa Mniko. Amenishukuru kwa kutangulia.

Jumatatu, 12 Novemba

Getruda ameulizia sabuni. Nimemwambia imekuwa mtaji. Amesema wimbo wangu ni mzuri, niuache ujitetee wenyewe. Maneno ya busara. Hayafai kwa biashara.

Kosa langu nimeliona: nilitangulia. Jumamosi tarehe 17 kuna harusi Butiama. Santuri itapigwa, Wegesa amealikwa, na anaweza kubadili mawazo. Nimeomba Musoma iwe ya mwisho. Kasmiri ananikumbusha kwamba ukumbi ule una umeme, na gramafoni yake hutiwa betri umeme ukikatika tu.

Najua. Utakatika saa tisa alasiri, zamu ya Musoma ikifika. Betri zilizochoka ninazo, na swichi kubwa nimeshaonyeshwa.