Mashine Isiyotambulika Ukumbini

Ofisi ya Mtandao wa Umma ilitangaza, kwa mabango na vipaza sauti, kwamba kuanzia siku ile kila raia atakayeketi katika ukumbi wa maktaba kuu ataunganishwa na dunia bure, papo hapo na bila ubaguzi wa aina yoyote.

Mfasiri aliamini. Alikuwa na usaili wa kazi kwa video mchana ule, wa kwanza tangu ofisi yake ya zamani ifungwe. Akaweka mezani kompyuta kuukuu aliyoachiwa na kaka yake, bawaba imelegea, lakini inatumia Linux, mfumo wa bure usiodai mashine mpya, na kwa hiyo bado ina pumzi. Ikaushika mtandao mara moja. Ila ukurasa wa kukaribisha, wenye kitufe cha "Nakubali", haukutokea. Na asiyekubali haendi popote.

Alizima, akawasha. Akaufuta mtandao, akauunga upya. Wapi!

Fundi wa ukumbi akamwinamia. "Dada, umejaribu kufungua anwani ya kizamani, ile isiyo na alama ya kufuli? Wakati mwingine lango la mtandao, lile linaloleta ukurasa huo, linazinduka."

"Nimejaribu. Linazunguka tu."

"Basi mashine yako haina neno. Lango letu ndilo lina maringo."

Kauli hiyo ilimfikia Mkurugenzi wa Ofisi ya Mtandao, aliyekuwa akijiandaa kumhutubia Waziri moja kwa moja kupitia mtandao huohuo. Akaja na tabasamu la uzinduzi.

"Inatumia nini hii?"

"Linux, mheshimiwa," alisema mfasiri.

"Mwenyewe nani?"

"Hana. Ni ya watu wote."

Mkurugenzi akarudi nyuma. Kitu cha watu wote ndani ya mtandao wa watu wote, alieleza, ni hatari kwa watu wote. Akatoa amri, ikabandikwa mlangoni: kila mashine inayotumia Linux iondolewe ukumbini mara moja, na atakayekutwa nayo atolewe pamoja nayo, bila kujali cheo.

"Kila mashine, mzee?" fundi aliuliza.

"Kwani nimesema kilugha?"

Fundi alikuwa mtu wa kutii. Akapanda ngazi, akang'oa lango lenyewe, kisanduku cheusi juu ya kabati, maana nalo lilitumia Linux. Waya uliobaki ukining'inia akauchomeka moja kwa moja kwenye kirusha mawimbi, ukumbi usikae gizani.

Mfasiri alikuwa anafunga mkoba, machozi yanamlengalenga, kompyuta ikaita. Nyuso za wasaili zikajaa kwenye kioo. "Tunakuona vizuri kabisa," walisema. Akaketi upesi, akajifuta macho, akajibu swali baada ya swali. Mlinzi wa maktaba, aliyepaswa kumtoa, hakumgusa, kwa kuwa bado alikuwa mlangoni akiisoma amri, na amri ya Mkurugenzi haisomwi kwa pupa. Alipofika katikati, mfasiri alikuwa ameambiwa aanze kazi Jumatatu.

Ukumbi mzima ukawa hewani, bila kukubali chochote. Aliyebaki nje ni Mkurugenzi. Kishikwambi chake kilikuwa na njia maalumu ya waheshimiwa, na njia hiyo ilikuwa ndani ya kisanduku kilichong'olewa. Waziri alikuwa anasubiri, na Waziri hajazoea kusubiri.

"Dada yangu," Mkurugenzi alinong'ona, "hebu niazime hiyo."

"Inatumia Linux, mheshimiwa."

"Nimeona. Ina sura ya heshima."

Mfasiri alikuwa na furaha ya kumpa mtu yeyote chochote, akampa. Waziri akatokea. Mkurugenzi akakohoa. "Mheshimiwa Waziri, kuanzia leo hakuna atakayeachwa nje ya—"

Mlinzi, aliyekuwa amefika mwisho wa amri, akamgusa bega. "Samahani, mzee. Hiyo ni Linux?"

"Nyamaza! Niko na Waziri."

"Bila kujali cheo, mzee. Na sahihi ni yako."

Akamshika kiwiko kwa adabu zote. Mkurugenzi akaondoka na kompyuta imefunguka mikononi kama sinia, huku akiendelea kuhutubia. Waziri aliona dari, kisha fremu ya mlango, kisha mawingu.

"Mkurugenzi," sauti ya Waziri ikasikika, ikikatikakatika, "mbona wanakutoa?"

Picha ikaganda. Mfasiri, aliyekuwa akiwafuata, akapokea kompyuta yake, akaifunga taratibu kwa ajili ya ile bawaba, akamwachia Mkurugenzi ngazi zote za maktaba akae apendapo.