Mashine ya Hesabu Ije Kikaoni Ijieleze

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, mimi karani wako wa stoo ya vitambaa naomba uiruhusu mashine ya hesabu iliyo mezani kwangu ihudhurie kikao cha familia Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nyumbani kwa shemeji yangu. Inatakiwa kama shahidi. Ikibidi, kama mshtakiwa.

Najua utashangaa. Hata mimi nisingeamini kwamba kitu chenye ukubwa wa pasi kinaweza kuhamisha watu watatu. Mke wangu, muuguzi wa zamu ya usiku, amewachukua pacha wetu wa kike wenye miaka sita na kuhamia kwa kaka yake. Jumamosi ndiyo siku atakayosema kama anarudi au harudi. Jana nilijikuta nimepanga sahani nne mezani, nikakaa naziangalia. Nyumba imepoa, Ndugu Meneja, na mimi siiwezi. Kwa hiyo ukikuta hasira humu ndani, niwie radhi.

Malalamiko yangu dhidi ya mashine ni haya:

1. Inakula karatasi. Kwa siku najumlisha mistari isiyozidi thelathini ya mita za vitambaa vya sare, lakini wiki iliyopita imemaliza magombo matatu. Karatasi niliiingiza mwenyewe kwa nyuma, ncha imekatwa sawasawa kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka, nikabonyeza kitufe chenye mshale mpaka ikachungulia juu. Haivuji popote nilipoangalia. Naomba uiulize inakoipeleka.

2. Imenivunjia heshima ukweni. Mama mkwe aliposikia kwamba kazini kwetu imeletwa mashine ya kuchapa, aliuliza inamchapa nani. Nikamjibu kwamba inanichapia mimi, kutwa nzima. Tangu siku hiyo ananitumia salamu za pole. Ndiye mtu pekee katika ukoo ule aliye upande wangu, na sababu yake si sahihi.

3. Wino wake. Namba za kujumlisha huzichapa kwa wino mweusi na za kutoa kwa mwekundu. Siku ya kubadilisha utepe nilifuata utaratibu wote: nikaizima, nikafunua kifuniko, nikatoa utepe wa zamani, nikatia mpya, nikaukaza kwa kidole. Kidole hichohicho nikakunia shingo. Mke wangu akaiona kola ina doa jekundu. Nilipomweleza kwamba ule ni wino wa kutoa, akaniuliza ni nani huyo ninayetoka naye.

3(b). Alikuwa hajamaliza kuuliza.

4. Saa. Hapa ndipo penye kesi yenyewe. Kabla ya kila hesabu mashine hii huchapa tarehe na saa. Saa niliitega mimi siku ya kwanza, wala sikumwachia mtu. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, nikaandika 2:30, nikabonyeza, ikakubali bila ubishi. Sasa tazama ilivyonigeuka. Mke wangu akifua suruali yangu alikuta mfukoni vipande vya karatasi. Yeye huko wodini husoma saa za mashine kila siku, zile zinazofika ishirini na nne. Akasoma 2:30, akasema hiyo ni saa nane na nusu usiku. Akasoma cha mwisho, 10:00, akasema hiyo ni saa nne asubuhi. Kwa maana hiyo, yeye akiwa kazini, mimi huwaacha watoto peke yao usiku wa manane, nakuja stoo kujumlisha vitambaa, kisha kuanzia saa nne asubuhi sijulikani nilipo. Nimemweleza mara nne kwamba mbili ni mbili. Anasema mtu ana sababu za kudanganya, mashine haina.

5. Inajua kusema kweli, ila haitaki. Chini ya meza nimeokota kipande cha Alhamisi ya wiki iliyopita kilichoandikwa 14:10. Kwetu hakuna saa kumi na nne, kwa hiyo hapo natumia hesabu ya mke wangu, na kwa hesabu yake hiyo ni saa nane na dakika kumi mchana. Mtu mzima yuko mezani kwake, anafanya kazi. Moja imejumlishwa mara mia mbili na kumi na moja. Sikumbuki nilikuwa nahesabu nini, nadhani vifungo. Nimekiambatanisha, maana ndicho ushahidi wangu wote. Kuhusu watoto, naapa kwamba kila siku saa mbili kamili usiku wanakuwa kitandani.

Naomba basi mashine ipewe usafiri wa kwenda na kurudi, na kiti chake, kwa sababu kwa shemeji hawakalishi mgeni sakafuni. Mbele ya wazee iombe radhi kwa maandishi, ikizingatiwa kwamba ndiyo mfanyakazi pekee hapa mwenye karatasi yake na wino wake. Itumie mweusi. Ikikataa, naomba uamuru karakana nzima ianze kazi saa nane usiku na kufunga saa nne asubuhi, ili mashine isionekane mwongo na mimi nisionekane mtoro. Mafundi watanung'unika siku mbili tatu, watazoea.

Nisalimie wote: wanaokata, wanaoshona, mlinzi wa getini, na yule dada wa mapokezi anayejifanya anakohoa kila ninapopita.

Wako mtiifu, anayelalia kitanda kizima peke yake,

Karani wa Stoo ya Vitambaa

Nyongeza baada ya sahihi: Mke wangu amepita jioni hii kuchukua viatu vyake vya kazini, akaikuta barua mezani. Aliisoma amesimama. Alipofika namba nne akaketi. Akaniambia niikumbuke ile saa ya ukutani ya stoo, nimwambie asubuhi ile mkono mfupi ulikuwa unaelekea wapi. Nikasema ulikuwa umepita nane. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akashika ushahidi wangu, akaiongezea ile kumi na nne saa sita nilizoipunja mashine, na kicheko kikakatika. Saa mbili na dakika kumi usiku. Akampigia kaka yake, akaomba azungumze na pacha. Wakasema kwa sauti moja kwamba mama akienda kazini baba huwapitisha mlango wa nyuma wa karakana mpaka stoo, mmoja anabonyeza moja, mwenzake anabonyeza jumlisha, mpaka karatasi ifike mlangoni. Ni kweli, Ndugu Meneja. Bila mama yao hawapati usingizi, na mimi sijui kuimba. Mlio ule ndio unaowalaza, halafu nawabeba mmoja mmoja mpaka nyumbani, hatua chache tu.

Wanarudi kesho, wote watatu. Kikao kimefutwa. Lalamiko namba moja nalifuta pia, maana karatasi ilikokwenda nilikuwa najua.

Sharti la mama yao ni moja, watoto wasitolewe tena nje usiku. Kwa hiyo mashine haina haja ya kuja Jumamosi. Naomba iwe inakuja kwangu kila siku saa kumi na mbili jioni na kurudi kazini saa mbili na nusu asubuhi. Hizo ni saa zetu, si zake.