Spika Tano za Gashe Kifle

Mheshimiwa, ndivyo tunavyomwita, hakungoja hata kuvuta kigoda. Alifika kwa Asnakech muuza kahawa, akasimama katikati yetu kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Kamati ya jengo imekaa! Spika za Gashe Kifle, Jumamosi zinashushwa. Zinakwenda stoo."

Waya akapaliwa na kahawa. Huyu ndiye fundi redio wetu. Jina lake la Tibebu hulitumia mama yake tu. Spika hizo alizifunga yeye.

"Kamati gani hiyo?"

"Kamati yenye mimi ndani yake."

"Na wewe ukapiga kura ipi?"

"Mimi nilikuwa naandaa hoja, wenzangu wakamaliza kikao."

Tukageuka kumtazama Gashe Kifle. Alikuwa amekaa hapo hapo, anatafuna bisi, anatabasamu. Hakuwa amesikia kitu. Miaka yote ya kuendesha gari moshi la zamani la kwenda Djibouti ilikuwa imemchosha masikio. Hapa Dire Dawa, mtaa wetu wote unamwita Gashe, kwa heshima ya mtu mzima.

Asnakech akamwinamia, akapaza sauti. "Gashe! Wanataka kukunyang'anya spika zako!"

Tabasamu likamtoka. "Zawadi ya mwanangu? Kazituma kutoka Kanada, nani anipelekee stoo? Kila akipiga simu ananiuliza, baba, sasa unasikia maneno ya kwenye televisheni? Namjibu, nasikia vizuri mno."

"Na unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia radi. Maneno sisikii. Ndiyo maana naongeza sauti."

"Unaongeza mpaka vyombo vya Bi Lomi vinacheza kabatini!" Mheshimiwa akasema. "Yule mama anakaa chini yako, Gashe. Ndiye aliyeleta malalamiko."

Asnakech akamgeukia Waya. "We fundi, ulizipima zile spika?"

"Kupima vipi? Zinalia. Spika ikilia imepona."

"Tunakwenda kuangalia," akasema Asnakech, akabeba birika lake na bisi, kijiwe chote kikapanda ngazi nyuma yake.

Tulipofika sebuleni kwa Gashe, tukabaki midomo wazi. Waya alikuwa amezitundika spika popote alipokuta msumari. Mbili juu ya dirisha, moja nyuma ya mlango, moja karibu na dari, na, mbali na zile tano, sabufa ya besi, kubwa kama mbuzi wa sikukuu, imekaa chini ya kiti cha Gashe.

"Ya tano iko wapi?" nikauliza.

"Jikoni," Waya akajibu, anatazama viatu vyake. "Juu ya kabati. Waya uliishia huko."

"Hiyo ya jikoni ni ya kazi gani?"

"Ya katikati. Ndiyo... ndiyo inayotoa maneno."

"Mungu wangu!" akasema Asnakech. "Watu wanaongea jikoni, mzee yuko sebuleni!"

"Sasa mnanishambulia wote? Waya ungekuwa mrefu..."

"Akili ingekuwa ndefu!"

Tukaanza kuhamisha. Ya maneno ikawekwa chini ya televisheni, mbili mbele kulia na kushoto, mbili nyuma pembeni ya kiti, sabufa ikasukumwa pembeni mbali na pale kilipo kitanda cha Bi Lomi huko chini. Halafu Waya akatoa kimaiki kilichokuja ndani ya boksi, ambacho alikuwa hajawahi kukigusa.

"Hiki kinakaa pale masikio ya Gashe yanapokaa. Kila spika inatoa mlio, chenyewe kinasikiliza, halafu mashine inayoziendesha inajua ipi iko mbali, ipi iko karibu, ipi inapiga kelele. Inazisawazisha. Ila humu ndani asipumue mtu!"

Kimaiki kikawekwa juu ya birika la kahawa, birika juu ya mito miwili, mito juu ya kiti. Waya akabonyeza rimoti. *Shhhhhh*, ikalia ya kwanza.

"Eh! Kama mvua kubwa ya msimu wa kiremti!" akasema Mheshimiwa.

"Umeharibu! Tunaanza upya!"

*Shhhhhh.* Kimya. *Shhhhhh.* Kimya tena. Ikafika zamu ya tatu, tukasikia *kacha, kacha, kacha*. Gashe na bisi zake.

"Gashe!"

"Nini? Mimi sijaongea."

Asnakech akamnyang'anya bakuli. Ya tatu ikapita. Ya nne na ya tano zikapita. Sabufa ilipoguruma tu, mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Fungueni! Leo mnavunja nyumba mchana kweupe?"

Bi Lomi aliingia na mwiko mkononi. Akaliona birika limevikwa maiki, Mheshimiwa wa kamati yake amejiziba mdomo kwa kofia, na mimi nimesimama kwa mguu mmoja kwa kuogopa sakafu isije ikalia.

"Mmerogwa?"

"Tunasawazisha, mama," Waya akanong'ona. "Kaa kidogo tu, tafadhali."

Cha ajabu, akakaa. Vipimo vikaisha, mashine ikasema iko tayari. Waya akawasha televisheni. Sauti nzuri, safi, ya wastani. Tukapiga makofi. Gashe akachukua rimoti, akaongeza. Akaongeza tena.

"Unasikia, Gashe?"

Akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kudanganya. "Basi. Wapeni kamati. Mwanangu nitamwambia nasikia, kama siku zote."

Bi Lomi akaweka mwiko chini.

"Hivi nyie mnaojiita marafiki zake, hamjaona? Mimi nikimsalimia kwenye ngazi, anageuza shavu la kulia. La kushoto limekufa. Mmesawazisha kwa ajili ya mtu mwenye masikio mawili!"

Waya akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kiti kikageuzwa kidogo, sikio la kulia likaitazama televisheni. Kimaiki kikarudi juu ya birika, tukapima upya, na safari hii hata Mheshimiwa alikaa kama picha. Baadaye Waya akaipandisha ile ya maneno peke yake, akaishusha sabufa mpaka ikawa inakoroma tu.

Ilikuwa saa ya tamthilia. Mwanamke mmoja alikuwa analia mbele ya kijana. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ngazini usingeisikia. Gashe akainua kidole tunyamaze. Akasikiliza. Macho yakamtoka.

"Amemwita 'mwanangu'."

"Ndiyo, Gashe."

"Kumbe ni mama yake?"

"Ulidhani ni nani?"

"Mkewe! Mwaka mzima namlaani kijana wa watu kwa kumtoroka mkewe!"

Bi Lomi alicheka mpaka akashika ukuta. Akavuta kiti, akakiweka upande wa kulia. "Sogea, Gashe. Umepotea sana wewe. Nikueleze toka mwanzo."

Tukaanza kutoka mmoja mmoja. Mheshimiwa alitaka kubaki, eti kamati lazima ikague. Asnakech akamvuta shati mpaka ngazini.