Mgandamizo Mdogo Kuliko Wote Mjini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi kumi na minne bila neno! Si uvivu. Ulikuwa chini ya mguu mfupi wa meza ya kazi, na juu ya meza ilikuwapo injini. Leo nimepata kipande cha ubao chenye unene uleule. Uko huru.

Habari ni nzito. Mke wangu ametoa hukumu. Anasema vyerehani vyake vitatu vimebanana sebuleni, wateja wanapimwa mabega wakiwa wamekaa mapajani mwa wageni, ilhali gari langu la michezo limelala peke yake katika chumba kikubwa kuliko vyote. Miaka tisa halijatoka hata hatua moja. Basi, Jumapili kabla ya saa sita mchana litoke gerejini kwa nguvu zake lenyewe. Likisukumwa au likivutwa, linakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na gereji inakuwa chumba cha ushonaji. Shahidi ni kaka yake, dereva wa lori mstaafu, ambaye gari langu huliita kabati.

Nimekubali masharti yote. Niliongoza shule ya wanafunzi mia tisa. Siku sita ni nyingi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemwita fundi. Nilimfundisha darasa la sita: mikono hodari, hesabu alama thelathini na moja. Sasa ana mvi, gereji na tumbo.

Tatizo ni hili. Injini nimeitia turbo, nayo hupuliza hewa ya ziada ndani ya silinda, na pistoni huibana. Ikibanwa kupita kiasi, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hutoboka. Kwa hiyo injini ya turbo hutakiwa ibane kidogo. Watu wenye uwezo hununua pistoni maalumu. Mimi nina akili. Bamba la shaba likitiwa kati ya injini na kifuniko chake, ambacho mafundi hukiita hedi, hedi huinuka, nafasi huongezeka, mgandamizo hushuka. Rahisi!

Fundi amelisifu wazo. Kisha akaharibu. Aliandika hesabu nyuma ya karatasi ya kalenda, akasema bamba moja la milimita moja na nusu litashusha mgandamizo kutoka tisa hadi nane, na hapo tusimame. Nikamwuliza kwa nini tusimame. Akasema, "Mwalimu, ukishuka sana haiwaki."

Nilichukua kalamu nyekundu. Nikamwandikia: "Hakuna juhudi. Rudia." Ikiwa bamba moja linaondoa moja, matatu yanaondoa tatu. Tisa kutoa tatu ni sita. Hakuna mtu mjini mwenye sita! Fundi akaikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Niliona somo limemwingia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shaba imepatikana bila kutoka nje ya nyumba. Sinia kubwa la mama mkwe, lililotundikwa ukumbini tangu tulipooana. Halijawahi kubeba hata kikombe. Chombo kisichofanya kazi kina haki gani ya kuwa chombo? Nimelikata mabamba matatu barabara, mke wangu akiwa sokoni kutafuta vifungo. Mahali pake nimetundika picha yangu ya siku ya kustaafu. Inaifunika alama ya duara ukutani vizuri sana. Naonekana mwenye busara.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Tumefunga hedi na kuirudisha injini garini. Boliti sasa ni fupi. Zinaingia mizunguko minne tu. Minne inatosha. Mkanda wa mbele nao umepungua urefu kwa sababu hedi imepanda. Tumeuvuta mpaka ukakubali. Fundi alifanya kazi akitikisa kichwa. Nilimwambia aache kutikisa kichwa darasani.

Shemeji amepita. Ameuliza kabati linaendeleaje, na kama linahitaji rafu. Nimemjibu kwamba Jumapili ataomba lifti. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu mzima!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kipimo. Injini ya kawaida husoma presha ya kumi na mbili, ambayo si ile tisa ya hesabu. Yetu imesoma mbili na nusu! Fundi aliigonga saa ya kipimo kwa kidole. Akaenda kuazima nyingine. Mbili! Akasema tangu aanze ufundi hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilimshukuru.

"Mwalimu, hii si kompresheni," akasema, "hii ni pumzi ya mgonjwa."

Haikuwaka. Lakini inazunguka kwa wepesi ulioje! Niliizungusha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kikombe cha chai. Fundi amenisihi tutoe mabamba mawili. Anasema ingewaka kabla ya magharibi. Nimekataa. Hiyo ingekuwa sawa na kukiri kwamba ile karatasi ya kalenda ilistahili alama.

Alipoondoka nilikaa garini peke yangu. Nilipokuwa mwalimu mgeni, nikienda kazini kwa miguu, gari kama hili lilinipita likanirushia tope mpaka miwanini. Sikukasirika. Nilisimama nikalitazama mpaka likapotea. Kesho saa sita hili langu huenda likakatwakatwa. Macho yamelowa kidogo. Ni petroli.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji alifika saa nne na kiti chake mwenyewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mnyororo. Mke wangu alisimama mlangoni, futi ya kushonea shingoni.

Shemeji akainama juu ya injini. "Shemeji, injini yako ina maua?"

Kwa kweli ukingo wa bamba ulikuwa umechomoza kidogo, na nakshi zake. Mke wangu akasogea. Akatazama. Akageuka, akatazama upande wa ukumbini. Nilianza kueleza faida za shaba. Akasema neno moja tu: "Washa."

Niliwasha. Injini ikazunguka kama feni. Haikushika. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Mnunuzi akaanza kuunyoosha mnyororo. Hapo akili ikafanya kazi! Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikageuza ufunguo. Stata, ile mota ndogo ya kuwashia, ikaanza kulivuta gari zima. Injini nyingine ingeikatalia kwa ubishi wa mgandamizo wake. Yangu haina ubishi. Gari likatambaa!

Fundi akapiga kelele, "Mwalimu, hiyo ni stata!" Nikamjibu kwamba stata si ya jirani. Ni ya gari. Nguvu zake lenyewe!

Magurudumu ya mbele yakavuka kizingiti. Shemeji akainuka kitini. Nilipiga honi, na pengine hilo halikuwa lazima. Betri ikazima.

Shemeji anasema gari halijatoka. Nasema injini iko nje, na gari ni injini. Mke wangu akavua futi shingoni akapima. Inchi themanini na tano nje. Inchi themanini na tano ndani. Akapima tena. Mnunuzi akakunja mnyororo, akaomba aitwe pindi familia itakapoelewana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Cherehani kimoja kimehamia gerejini, nyuma ya gari. Wateja wanapita ubavuni wakijibana matumbo. Nimemwuliza mke wangu kuhusu hukumu. Anasema kwanza amalize kola, kisha tuzungumze kuhusu gari, kisha kuhusu sinia, na kwamba la sinia litachukua muda mrefu zaidi.

Fundi amekuja akaiweka ile karatasi ya kalenda juu ya boneti bila salamu. Nimeisahihisha upya, kwa haki. Hesabu yake ni sahihi yote. Nimempandisha hadi thelathini na mbili.

Kosa la jana nimelibaini. Mgandamizo ulikuwa bado mkubwa. Ungepungua zaidi, betri ileile ingelifikisha gari mpaka getini, na leo shemeji angekuwa anatembea kwa aibu. Linahitajika bamba la nne. Nimempa fundi kazi hiyo. Amesema atafikiri. Mke wangu naye amesema anafikiri. Nyumba nzima inafikiri. Niliyekwisha kumaliza ni mimi peke yangu. Mmojawapo akishaamua, nitaandika.