Wake Wamejaa Katika Wimbo wa Taifa

Jumanne, 3 Desemba 2024

Nimeamka na redio. Kabla ya habari wamepiga wimbo wa taifa. Miaka yote nimesimama wimbo huu ukipigwa bila kuusikiliza, kama mtu anayempisha mgeni njiani bila kumtazama usoni. Leo nimesikiliza. Waitu! Umejaa wake! Viongozi wake. Watu wake. Wake kwa waume. Wake kila mahali, waume wametajwa mara moja, tena nyuma!

Imebidi nikae. Shule sikuikanyaga, herufi nilipewa na kisomo cha watu wazima. Lakini kiongozi akiitwa mke, naelewa.

Jirani yangu Kokwijuka anakufa. Anakufa tangu Gideon wangu aoe, ila safari hii anasema ni kweli. Ana haja moja tu: ale senene, wale panzi wetu wa msimu, mbele ya wanaume. Kwetu mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, huwapeleka mezani. Yeye hubaki na harufu. Mkamwana wangu Benitha anawala hadharani, anasema mila hiyo imekufa. Imekufa kwake. Kwenye meza ya mwenyekiti wetu wa kijiji, Nestory, iko hai na ina kitambi.

Kokwijuka hataki kula jikoni kama paka. Anataka bakuli, kiti, na wanaume wakimtazama.

Sikukuu ya Uhuru ni Jumatatu. Senene wa wageni tutawakaanga sisi. Wimbo utaimbwa. Mambo yamejipanga yenyewe!

Jumatano, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Projestus, katekista mstaafu, anayefundisha kwaya ya sikukuu. Nimemweleza kwa heshima kwamba wimbo wake unaamuru wanawake wapakuliwe kwanza. Amecheka mpaka meno ya bandia yakahama.

Anasema "wake" ile si wanawake. Ni viongozi wa Afrika. Yaani wake, si wako. Nimemwambia najua si wangu, ni wa waume zao. Amesema nimeanza. Nikamuuliza: kwa Kinyambo chetu mke ni omukazi, hachanganyikani na kitu. Kama walitaka kusema wa Afrika, kwa nini hawakusema wa Afrika? Amekunywa maji.

Kisha akanipa historia ili apumue. Eti tuni ilitungwa huko Afrika Kusini, zaidi ya miaka mia iliyopita, na mwalimu wa shule ya misheni. Ikaimbwa makanisani, ikaimbwa na watu waliodai haki zao, ndipo sisi kwenye Uhuru tukaitia maneno yetu. Nikauliza misheni ya nani. Akakiri si ya Kikatoliki. Nikapiga kigelegele, mimi Mlutheri. Akasema si ya Kilutheri pia. Nikakimeza kigelegele.

Lakini nimepata nilichokifuata. Kumbe ni sala! Na sala haipanguliwi. Mungu ameombwa wake kwanza, Nestory ni nani?

Projestus akasema, Mama Gideon, wewe hujasoma. Nikamwambia sijasoma, ila sijaziba masikio. Nikaondoka bila kuaga. Nikarudi, nilisahau mwavuli. Nikaaga.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemfuata mwenyekiti. Anasema bakuli la senene ni la meza kuu. Wanawake watapewa ndizi na soda. Soda! Kokwijuka afe na soda tumboni!

Akaniomba nisimharibie sikukuu, mgeni rasmi ni diwani. Nikamuuliza kama anajua maana ya wimbo wa taifa. Akasema maana yake ni kusimama. Wima, mikono ubavuni, usitikisike hata inzi akitua puani, mpaka wimbo uishe.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu. Watu wamenipisha njia.

Mpaka wimbo uishe!

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya ibada nimewakusanya wanawake wa kwaya kwenye kibanja changu, chini ya migomba, Wakatoliki kwa Walutheri. Mpango ni mwepesi. Tukifika mwisho wa wimbo, tunarudi mwanzo. Wanaume wamenasa! Kokwijuka hawezi kusimama, atawekwa kwenye kiti. Kiti kitakuwa karibu na bakuli. Si kosa la mtu.

Benitha amesema hiyo ni dharau kwa taifa. Nimemwambia dharau ni kuuimba haraka haraka kama unafukuza kuku kwenye mtama.

Kokwijuka akauliza kama watakaangwa na kitunguu. Mtu anayekufa haulizi kitunguu. Nimenyamaza, nampenda.

Jumatatu, 9 Desemba

Lazima niandike kabla sijalala.

Bakuli lilikuwa meza kuu, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Tukambeba Kokwijuka, tukamtua hapo hapo. Nestory akafungua mdomo kulalamika, nikaanzisha wimbo. Mdomo ukafungwa, mikono ikashuka. Uzuri ulioje! Diwani wima. Projestus wima, anaongoza kwa kidole kimoja. Kokwijuka akafunua kitambaa. Akala.

Tukamaliza, tukarudi mwanzo. Diwani akakaza mgongo zaidi, nadhani alifikiri ni utaratibu mpya. Kidole cha Projestus kikapotea njia. Tukarudi tena. Hapo ndipo nikaona kosa langu: Kokwijuka hana meno! Anamung'unya senene mmoja kama anasali rozari!

Tukarudi. Jasho la Nestory likafika kidevuni, hakulifuta, mtoto wa watu. Mbuzi akaja akala ua la mgeni rasmi, hakuna aliyethubutu kumfukuza. Sauti yangu ikawa ya bawaba. Na mimi je? Mwimbishaji hatafuni! Harufu yote ile inanipitia puani, na mimi wima, mikono ubavuni, kama mwanaume!

Mwisho Kokwijuka akalamba vidole, akainua mkono. Tukanyamaza.

Nestory akauliza nani ameruhusu jambo hili. Kokwijuka akajifuta mdomo. Akawatazama wanaume wote, mmoja mmoja, akasema kwa sauti ambayo hakuwa nayo hata alipokuwa msichana: Nimekula. Mmeniona?

Wakatazama viatu vyao.

Akarudia. Mmeniona?

Projestus akasema taratibu, Tumekuona, mama.

Mimi si mtu wa kulia. Ilikuwa pilipili ya senene, ingawa sikuonja hata mmoja.

Diwani akasema hajapata kuona kijiji chenye uzalendo wa namna hii.

Jumanne, 10 Desemba

Kokwijuka ameamka mzima, nimemkuta anapalilia maharage. Anasema kufa kumeahirishwa. Anasema pia senene walizidi chumvi. Nimeondoka kabla sijamuua mwenyewe.

Mchana Projestus amekuja na bakuli. Senene wamekaangwa na mke wake, wana kitunguu, wanang'aa. Akaniambia, Mama Gideon, kula hapa mbele yangu, nakutazama, yaishe. Neno zuri. Mate yalinijaa.

Nikamwambia asimame wima kwanza. Akasema hakuna wimbo. Nikasema nitaimba. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Yeye akaketi! Akakunja na miguu!

Nimemrudishia bakuli lake.

Benitha anasema nimekataa kitu kile kile nilichokipigania. Sijui anaongea nini huyu mtoto, labda ni njaa. Kitu kimoja tu cha maana nimekipata leo. Projestus akivaa kofia aondoke, ulimi ulimteleza: Wazambia nao wana tuni ile ile, na beti zao zinazidi zetu.

Nimemtuma Benitha anitafutie Mzambia mwenye sauti.