Watoto Wote Hawajambo

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa furaha ambayo nimeiombea kibali, nautangazia umma kwamba watoto wote wa shule katika wilaya yetu hawajambo. Sisemi wengi. Sisemi sehemu kubwa. Nasema wote, asilimia mia moja, na anayebisha aje ofisini kwangu siku za kazi, ila asije saa ya chai.

Mimi ndiye Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Mtoto Nyumbani na Shuleni. Wasioijua kazi hii hudhani ni ya kupima watoto uzito, kuuliza nani amekula na nani amelala njaa, kuingia majumbani kwa watu kuchungulia vitanda. Hayo ni mambo ya kizamani, tena yanachosha magoti. Mbinu yangu ni ya kitaalamu. Naingia darasani, nakohoa kidogo, nauliza, "Watoto, hamjambo?" Darasa zima linaitikia, "Hatujambo!" Naandika, natoka. Shule nzima inakuwa imepimwa kabla soda niliyowekewa kwa mwalimu mkuu haijaisha ubaridi.

Hata kwangu natumia mbinu hiyohiyo. Asubuhi nawauliza wanangu nikiwa bafuni, wao wako nje ya mlango, wananijibu hawajambo, nami nakwenda kazini roho kwatu.

Sasa, katika wilaya yetu kuna shule moja ambayo ni fahari ya Idara, kwa sababu ina choo kipya. Choo chenyewe kizuri jamani, siwezi kuficha. Vigae vyeupe, milango ya buluu, sinki za kunawia mikono zimepangwa kwa urefu wa mtoto. Kilikamilika mwaka jana. Choo cha zamani tulikibomoa siku ileile kisije kikaharibu picha. Kilichobaki kilikuwa Mheshimiwa aje kukizindua, na Mheshimiwa ni mtu wa shughuli nyingi, akawa anaahirisha. Kwa hiyo tulipiga kufuli mlango mkubwa, tukazungushia utepe mwekundu, na ufunguo nikaufungia mwenyewe katika kabati la chuma ofisini kwangu mjini. Choo ambacho hakijazinduliwa si choo. Ni mradi.

Mkiniuliza watoto walikuwa wakijisaidia wapi muda wote huo, nitawajibu kwamba hilo halikuwemo kwenye swali langu. Swali langu lilikuwa hamjambo.

Siku ya siku nikaingia darasa la tatu la shule hiyo. Nikauliza, wakaitikia, nikawa nimeshageuka kuelekea kwenye soda. Ndipo nikasikia sauti ndogo kutoka dawati la mbele.

"Mimi nina jambo."

Mwalimu wa darasa aliangusha chaki. Msemaji alikuwa kasichana kembamba, soksi moja juu, nyingine chini, midomo imemkauka. Wenzake humwita Kigingi, kwa sababu kengele ya mapumziko ikilia wote hutimua mbio kwenda kucheza, yeye hubaki kwenye benchi kama kapigiliwa. Nikamuuliza kwa upole wa kiserikali kama hakunisikia vizuri.

"Nimekusikia," akasema. "Umeuliza kama tuna jambo au hatuna. Mimi ninalo. Choo kimefungwa. Nyumbani sinywi hata maji ili nisibanwe, na kichwa kinaniuma kila siku."

Asilimia mia yangu ikaporomoka mbele ya macho yangu. Ilibidi niitishe kikao cha dharura cha Kamati ya Majibu, na chakula juu. Mtaalamu wetu wa lugha akatufafanulia kwamba "hujambo" ni swali ambalo limeshakuja na jibu lake, kazi ya anayeulizwa ni kulipokea tu. Anayesema "nina jambo", alituambia, hajajibu; ameanzisha mazungumzo. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Tukaafikiana kwamba tatizo lipo kweli, nalo liko kwa mtoto, na kwamba akae nyumbani mpaka atakapokuwa hana jambo.

Mama yake alinijia kesho yake. Ni fundi cherehani, aliingia futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Yaani mwanangu kafukuzwa shule kwa kubanwa na mkojo?"

Nikamweleza kwamba katika Idara hatutumii lugha hiyo, tunasema changamoto ya haja. Aliniangalia kama anavyoangalia kitambaa kilichokatwa vibaya. Kisha sauti ikamlegea. Akasema kila asubuhi alikuwa akimgombeza binti yake kwa kuacha chai kikombe kizima, akidhani anaringa, siku moja hata kofi alimpiga. "Kumbe mtoto anaogopa kunywa," akasema, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akaniuliza choo cha ofisi yetu kiko wapi. Nikamwelekeza vizuri tu, mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto. Hakwenda. Mpaka leo sijui aliuliza ya nini.

Mungu si wa mtu mmoja, wiki iliyofuata Mheshimiwa akakubali kuja. Akatoa sharti moja tu, kwamba apokewe kwa salamu na mtoto wa kike kwenye kipaza sauti. Mwalimu mkuu akaniambia wasichana wote wakikiona kipaza sauti hufa ganzi isipokuwa mmoja. Mnamjua. Nikashauriana na mtaalamu wa lugha, akaona hakuna hatari: Kigingi atauliza tu, na anayeuliza hawezi kuwa na jambo. Basi nikamrudisha shule kwa masharti. Aseme "Shikamoo Mheshimiwa, hujambo?" na kukaa chini. Akifanya vizuri, darasani atabaki. Akiongeza neno, atarudi kushona vifungo na mama yake.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mheshimiwa alifika kutoka safari ndefu, akakalishwa kwenye sofa chini ya turubai, akamaliza chupa ya maji, akaongezewa nyingine, kisha soda. Hotuba zilikuwa nyingi, na kukata utepe nilikuwa nimekupanga mwishoni kabisa ili kuungane na picha na chakula. Hotuba ya tatu Mheshimiwa akaanza kupishanisha miguu. Hotuba ya nne akaniita kwa kidole, akaninong'oneza choo kiko wapi. Nikamwonyesha kwa fahari, kile pale, chenye utepe.

"Fungua."

"Mheshimiwa, hakijazinduliwa."

"Mzinduzi si mimi?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Ila ni kipengele cha mwisho."

Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nipapase mfuko wangu, na hapo nikakumbuka kwamba ufunguo uko salama kabisa, kwenye kabati la chuma, mjini. Dereva akatumwa. Ili kujaza muda, mshereheshaji akamwita Kigingi.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba," akajibu, meno yamebana.

"Hujambo?"

Na huyu ni mtu aliyeulizwa swali hilo misibani, harusini na katika kila mkutano wa kampeni, akajibu bila kufikiri. Safari hii jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Nilimwombea moyoni. Alifumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena.

"Nina jambo," akasema, na kipaza sauti kikalipeleka mpaka barabarani.

Watoto hawakucheka, hata mmoja. Kigingi alimtazama kwanza usoni, halafu magotini, na nikaona kwamba ameelewa. Akasahau masharti yangu yote, akamsogelea.

"Usicheke," akamwambia taratibu. "Na usisimame haraka. Kalia kisigino. Halafu fikiria kitu kikavu, kama chaki."

Mheshimiwa, mbele ya wageni na wapiga picha, akateremka kwenye sofa na kukalia kisigino. "Inasaidia?" akauliza.

"Inasaidia mpaka kipindi cha hesabu. Baada ya hapo haisaidii."

Mama yake alikuwa amekaa na wazazi wenzake. Akainuka bila kuitwa, akatoa mkasi mkobani, akaukata utepe wa Serikali kama uzi wa kiraka. Mlinzi wa shule akaokota jiwe, akaipiga kufuli mpaka ikaachia. Kabla sijaita askari, watoto walikuwa wameshajipanga mlangoni, wakubwa kwa wadogo, na mstari ulifika mpaka kwenye mlingoti wa bendera. Mheshimiwa alipofika akichechemea, hakuna aliyempisha. Akaomba apite mbele. Kigingi, mkono tayari kwenye kitasa, akageuka.

"Panga foleni, Mheshimiwa. Sisi tuna mambo tangu mwaka jana."

Akapanga, nyuma ya darasa la kwanza. Iwapo zamu yake ilimfikia kwa wakati, Idara haina maoni. Hotuba yake aliisoma akiwa amesimama nyuma ya meza yenye kitambaa kirefu, na ilikuwa fupi. Aliamuru vyoo vyote vya shule vifunguliwe siku hiyohiyo, na awepo ofisa wa kuhakikisha. Akanitaja kwa cheo.

Leo ofisi yangu ni meza iliyowekwa mbele ya choo hicho, kuanzia asubuhi mpaka watoto waondoke. Gari wamelichukua. Kwa mujibu wa agizo siruhusiwi kuondoka kituoni, na kwa mujibu wa waraka ambao niliuandika mwenyewe nikiwa na akili zangu, choo cha watoto ni marufuku kwa mtu mzima. Kingine hakuna, tulikibomoa.

Kigingi yuko darasani, na mapumziko simwoni tena kwenye benchi. Hunipita mbio akielekea uwanjani, midomo inang'aa kwa maji, lakini adabu yake haijapungua, lazima asimame.

"Shikamoo. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo," namjibu.

Hutazama chupa yangu ya maji, ambayo tangu asubuhi haijaguswa, kisha hutazama magoti yangu.

"Kalia kisigino," huniambia, halafu huenda zake kucheza.