Bunduki Kwanza, Risasi Baada ya Mavuno

Mwaka wa 1934, pesa zikiwa zimeadimika kila mahali, ilitangazwa rasmi mjini Kitale kwamba Serikali imegundua njia ya kununua bunduki bila kutoa hata senti. Kiwanda cha ng'ambo kingeleta bunduki, Bungoma ingetoa mahindi, nacho kiwanda, kwa moyo wa kufidiana, kingewajengea akina mama wa Chwele kinu cha kusaga. Mpango uliitwa Mabadilishano ya Manufaa ya Pande Zote, na pande zote hizo zilikuwa Kitale.

Festus Mukhisa, mkalimani wa Bwana Mkubwa, yule Mzungu aliyetawala wilaya, alivimba kichwa kwa fahari. Ndiye aliyezunguka Chwele kuueleza mpango, na ndiye aliyemshawishi mama mkwe wake, Bilha, atoe hata mahindi ya mbegu. Kwa kuwa mkwe hamsogelei mama mkwe, alizungumza naye kutoka ng'ambo ya ua, macho kayaelekeza kwa ng'ombe.

"Itarudi kabla ya mvua?" Bilha aliuliza, naye amempa mgongo.

"Mbegu itarudi, mama, na kinu juu yake. Serikali haiwezi kudanganya."

Bunduki zilifika. Mbegu haikurudi. Kuhusu kinu, ilielezwa kwamba kimehesabiwa kuwa kimejengwa, maana kiwanda kilimjengea Bwana Mkubwa veranda, na veranda nayo ni ujenzi.

Siku mahindi yalipopakiwa kwenye behewa, stesheni ya Bungoma, Bwana Mkubwa aliita baraza na kuwapanga askari na bunduki zao mpya.

"Waambie Serikali haifichi kitu," alisema. "Bunduki tumepata. Risasi ni mkataba mwingine. Tutazilipia kwa mavuno yajayo."

Festus alitafsiri neno kwa neno, kwa sauti kubwa, maana aliipenda kazi yake. Mawingu yalikuwa yameshaufunika Mlima Elgon, na Bilha hakuwa na punje ya kupanda.

"Ati hizo hazina kitu ndani?" aliuliza.

"Si amesema mwenyewe," alijibu askari Wabwile, ambaye mama yake pia alikuwa ametoa mahindi.

Bilha akapanda behewani, na wanawake wakamfuata, wakaanza kuteremsha magunia yao. Bwana Mkubwa akaamuru bunduki zielekezwe. Zikaelekezwa kwa heshima zote. Akaamuru zifyatuliwe, zikalia ka, ka, ka. Kisha mama yake Wabwile akamwita mwanawe amtwike, na mtu hatwiki mzigo kwa mkono mmoja. Bunduki zikalazwa vumbini, askari wakaondoka na mama zao.

Alibaki Bilha na gunia lake, kwa sababu alikuwa amewatwika wenzake kwanza. Festus aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kumwacha mwanamke na mzigo chini ni aibu, na kumgusa mama mkwe ni aibu isiyosafishika. Akageuza uso.

"Anataka nini?" Bwana Mkubwa aliuliza.

"Mwambie anitwike," alisema Bilha.

Festus alitafsiri, kisha, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akaongeza la kwake. "Ndiyo ile fidia, bwana. Upande wetu."

Bwana Mkubwa alizitazama bunduki zilizolala chini. Akavua kofia, akainama, akashika gunia kwa mikono miwili.

"Polepole," Bilha alimwambia. "Usimwage."